Ukiitwa shahidi na hutaki kuapa: la kufanya, na yatakayokupata ukikataa

Nimefanya kazi ya ukarani wa mahakama mkoani Tanga mpaka nikastaafu. Meza yangu ilikuwa mbele ya meza ya hakimu, Biblia na Msahafu vikiwa mkono wangu wa kulia. Mimi ndiye niliyemkabidhi shahidi kitabu na kumtamkia maneno ili ayafuatishe, kwa hiyo kila aliyekataa kuapa alinikatalia mimi kwanza kabla hajamkatalia hakimu. Ninaandika kwa ajili ya mtu aliyeshika samansi mkononi, moyo wake haukitaki kiapo, na hajui akisema hapana atalala wapi usiku huo.

Jibu lenyewe ni hili. Kukataa kuapa kwa jina la Mungu ni haki yako. Kukataa kabisa kujifunga kusema kweli mbele ya mahakama, kwa kiapo au kwa njia nyingine, ni kosa, na unaweza kupelekwa mahabusu siku hiyohiyo. Watu huyachanganya mambo haya mawili. Mwenye haki ya kwanza hukaa kimya akaonekana mkaidi. Mwenye hofu hujificha nyuma ya dini akaulizwa maswali ya dini asiyoweza kuyajibu.

Ninachoeleza ni sheria ya Tanzania Bara kama tulivyoitumia katika mahakama za wilaya na za hakimu mkazi. Mahakama ya Mwanzo ina utaratibu wake. Namba za vifungu ni zile tulizozizoea kazini. Sheria zimefanyiwa urekebu hivi karibuni na baadhi ya namba zimesogea, kwa hiyo shika maudhui, na ukienda kwa wakili mtajie jambo lenyewe badala ya namba.

Kwanza tazama anayekuapisha ni nani

Si kila anayekutaka uape ana meno ya kukuuma usipoapa.

Polisi anapoandika maelezo yako haapishi mtu. Unaeleza, anaandika, unasomewa, unatia sahihi. Kamishna wa Viapo, yaani wakili unayempelekea kiapo cha maandishi cha kupotelewa na cheti au cha kuunga mkono maombi yako mahakamani, hawezi kukulazimisha. Usipotaka kuapa unaondoka na karatasi yako. Hasara yake ni kwamba maombi yasiyo na kiapo pale sheria inapokitaka hutupwa. Kwake pia unaweza kuthibitisha badala ya kuapa, na hakikisha ameandika jina lake, mahali na tarehe, maana sheria yake inamtaka ayaandike. Na wazee wa ukoo wakikutaka ule yamini msikitini au mbele ya kaburi la babu ili mgogoro wa shamba uishe, hilo ni la dhamiri na heshima yako katika ukoo. Huwezi kufungwa kwa kulikataa.

Kwa aliyepewa wadhifa, mambo ni ya namna nyingine. Ibara ya 68 ya Katiba inamtaka kila mbunge aapishwe kiapo cha uaminifu kabla hajaanza kushiriki shughuli za Bunge, isipokuwa kupiga kura ya kumchagua Spika. Asiyeapa hawekwi ndani, ila kazi haianzi.

Wenye nguvu ya kukulazimisha ni mahakama, na kwa sheria zao maalumu, tume ya uchunguzi iliyoundwa na Rais na kamati za Bunge zinapoita mashahidi. Huko mahakamani ndiko wananchi wengi hukutana na jambo hili, basi tukae huko.

Kama kikwazo ni imani

Kifungu cha 4 cha Sheria ya Viapo na Matamko, Sura ya 34, kinasema shahidi ataapa. Kisha kinaweka ruhusa: mtu asiye Mkristo, au mtu yeyote anayepinga kuapa kwa sababu hana dini, au kwa sababu dini yake inakataza viapo, ataruhusiwa kutoa uthibitisho badala ya kiapo, na uthibitisho huo una nguvu ileile. Ndiyo maana katika mwenendo wa kesi, yaani kumbukumbu zinazoandikwa na hakimu, utaona Mkristo ameandikwa “anaapa na kueleza” na Mwislamu “anathibitisha na kueleza”. Hakuna aliye chini ya mwenzake.

Nimewaona Wakristo wanaoshika neno la Yesu katika Mathayo 5 kwamba mtu asiape kabisa, maneno yake yawe ndiyo, ndiyo, siyo, siyo. Nimeona mzee wa milimani asiye na kitabu chochote, anayemjua Mungu wa mababu zake tu. Wote hawa wana mahali pao katika sheria. Lakini sheria haisomi moyo, lazima useme. Na useme mapema: ukifika asubuhi, kabla hakimu hajaingia, mtafute karani au mwendesha mashtaka umwambie. Karani atamnong’oneza hakimu, na ukiitwa kizimbani jambo litapita bila watu wote kukugeukia. Kama hukupata nafasi, subiri uulizwe dini yako, kisha sema kwa sauti ya kawaida:

“Mheshimiwa, naomba nithibitishe badala ya kuapa. Imani yangu hainiruhusu kuapa.”

Kama huna dini, sema huna dini. Usijitungie moja. Hakimu akiuliza kidogo kuhusu imani yako mjibu kwa kifupi, haimo katika kazi yake kukubishia Maandiko. Kisha utatamkiwa maneno ya uthibitisho kwamba utakayosema ni kweli, utayafuatisha, na utaendelea na ushahidi.

Hapa kuna jambo ambalo akina mama wa Kiislamu wengi huliona haya kulisema. Shahidi anapewa Msahafu, anarudi nyuma, mikono ameificha kwenye khanga, hasemi neno. Hakimu mgeni anadhani amegoma. Kumbe mama hana udhu, au yuko katika siku zake, na hawezi kuushika. Mama yangu, usinyamaze. Mwambie karani kwa sauti ndogo, “Sina udhu.” Inatosha, wala hutaulizwa zaidi. Utathibitisha kwa maneno bila kushika kitabu. Uzito wa uthibitisho uko katika maneno uliyoyatamka na kuyakubali, na sheria hiyohiyo ya viapo inasema kasoro katika namna ya kuapisha, au kiapo kutumika mahali pa uthibitisho, havibatilishi kilichofanyika.

Ruhusa hii ilipiganiwa na watu. Mwaka 1880 huko Uingereza, Charles Bradlaugh, mtu asiyeamini Mungu, alichaguliwa mbunge wa Northampton. Aliomba athibitishe badala ya kuapa, akakataliwa. Akasema basi ataapa, akakataliwa tena kwa kuwa ilijulikana haamini. Alishikiliwa usiku mmoja katika mnara wa saa wa Bunge, kiti chake kikatangazwa kuwa wazi, na wapiga kura wake wakamrudisha tena na tena hadi akakaa mwaka 1886. Mwaka 1888 Bunge hilo likapitisha sheria ya viapo iliyotaja sababu mbili za kuthibitisha: mtu kutokuwa na dini, au dini yake kukataza kiapo. Kisome kifungu chetu cha 4 uone, sababu hizo mbili zimo. Nilipokuwa nikiona hakimu anaharakisha shahidi wa aina hii kana kwamba ni usumbufu, iliniuma.

Onyo moja kabla sijaondoka hapa. Wapo wanaonong’onezana kwamba ukithibitisha badala ya kuapa, uongo hauna kesi kwa sababu hukumtaja Mungu. Si kweli hata kidogo. Kosa la kutoa ushahidi wa uongo chini ya Kanuni ya Adhabu linamkuta aliyeapa na aliyethibitisha sawasawa, na adhabu yake inafika kifungo cha miaka saba.

Kama kikwazo ni hofu

Kwa niliyoyaona, hawa ndio wengi. Wanasema “dini yangu”, lakini macho yao yako kwa mtu aliyekaa benchi la nyuma. Binti ameona shemeji yake akimchoma mtu kisu. Kijana wa bodaboda ameona gari na namba zake, na wenye gari wanajua anapoegesha. Mtu kama huyu akisimama kizimbani na kusema tu “siapi”, hakimu hana namna ya kujua kuna hatari. Anachokiona mbele yake ni ukaidi, na ukaidi una kifungu chake.

Kwa hiyo usisubiri kizimba. Siku ulipopata samansi, au ulipotishwa, nenda kwa mpelelezi wa kesi au kwenye ofisi ya mwendesha mashtaka wa serikali, ueleze nani amekutisha, lini, kwa maneno gani. Ujumbe wa simu usiufute. Kumtisha shahidi ni kosa linalojitegemea, na tangu mwaka 2015 tuna Sheria ya Kulinda Watoa Taarifa na Mashahidi. Mwendesha mashtaka anaweza kuiomba mahakama ushahidi wako uchukuliwe kwa njia ya video, au utambulisho wako usiwekwe wazi. Kesi za makosa ya kujamiiana ushahidi wake husikilizwa faragha, kwa hiyo dada unayeogopa kusimulia mbele ya kijiji kizima, ujue kijiji hakitakuwemo chumbani.

Ukijikuta tayari uko kizimbani, bado kuna neno la kusema: “Mheshimiwa, sikatai kutoa ushahidi. Naogopa usalama wangu, naomba nisikilizwe kwanza bila watu.” Sheria inamtazama shahidi aliyekataa bila sababu ya kutosha. Ukitoa sababu, hakimu anapaswa kuiandika na kuipima. Anaweza kuahirisha, anaweza kutoa watu nje, anaweza kumwita mwendesha mashtaka aeleze nini kifanyike. Hata akiikataa sababu yako itabaki ndani ya jalada, na mahakama ya juu ikija kulifungua itaisoma.

Wengine hawaogopi mtu, wamechoka. Wameitwa, kesi ikaahirishwa, wakaitwa tena, nauli inatoka mfukoni mwao, mahindi yanaliwa na nyani. Siku ya kuapa wanasema “mpaka nilipwe”. Nawaelewa kwa moyo wote, na jambo hili limeharibu kesi nyingi kuliko wakubwa wanavyokubali. Lakini kudai nauli hakutakuokoa ukikataa kiapo. Mahakama inaweza kuamuru shahidi alipwe gharama zake. Iombe hivyo, tena iombe siku kesi inapoahirishwa, uandikwe. Siku ya ushahidi, toa ushahidi.

Mke, mume, mshtakiwa na mtoto

Wapo watu ambao “hapana” yao ni halali, na ni aibu kwamba wengi wao hawaambiwi.

Mke anayeitwa na upande wa mashtaka dhidi ya mumewe, au mume dhidi ya mkewe, kwa kawaida anaweza kutoa ushahidi akitaka, ila halazimishwi. Ndivyo kinavyosema kifungu cha 130 cha Sheria ya Ushahidi, na kinaitaka mahakama imweleze haki hiyo kabla hajaanza. Mambo hubadilika pale kosa linapomhusu yeye mwenyewe au watoto wao, au linapokuwa ni kosa la kujamiiana: hapo anaweza kulazimishwa. Ukiitwa dhidi ya mwenzi wako, jambo la kwanza kumwambia hakimu ni kwamba huyu ni mume wangu au mke wangu wa ndoa. Lisemwe kabla ya kiapo, maana ukishaapa na kuanza kueleza, kulirudisha nyuma ni kazi.

Mshtakiwa naye hafungwi kwa kukataa kuapa. Akikutwa na kesi ya kujibu, yaani ushahidi wa mashtaka umeonekana unatosha kumtaka ajitetee, huelezwa haki zake: anaweza kujitetea kwa kiapo au bila kiapo, na anaweza kunyamaza. Akinyamaza, mahakama inaruhusiwa kuutafsiri ukimya huo dhidi yake, kwa hiyo ashauriane na wakili wake kwanza.

Mtoto asiyezidi miaka 14, tangu marekebisho ya mwaka 2016, anaweza kutoa ushahidi bila kiapo wala uthibitisho. Anachotakiwa ni kuahidi kusema kweli na kutosema uongo. Mzazi usimkaririshe mwanao maneno ya kiapo usiku kucha, unamtisha bure.

Ukishikilia “hapana”

Sasa tuseme huna sababu hata moja ya hizo, au umeikataa kila njia uliyoonyeshwa. Mambo hufuatana hivi.

Hakimu atakuuliza tena, taratibu, na kila jibu lako litaandikwa. Atakuonya. Ukibaki palepale, kifungu cha 199 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, kinamruhusu kuahirisha kesi kwa muda usiozidi siku nane, na katika siku hizo kukupeleka gerezani, isipokuwa ukikubali mapema. Ukirudishwa na ukakataa tena, anaweza kukurudisha ndani kwa muda kama huo, na tena, na tena, mpaka utakapokubali. Kifungu hichohicho kinamhusu aliyeapa kisha akagoma kujibu swali, na aliyekataa kutoa hati aliyoamriwa kuileta. Kuapa kisha kufunga mdomo si ujanja unaokubalika.

Lengo la siku hizo nane ni kukushinikiza ukubali, na ufunguo wake umeachwa mkononi mwako. Ukibadili nia siku ya pili usisubiri ya nane. Mwambie askari magereza kwamba uko tayari kutoa ushahidi na unaomba mahakama ipewe taarifa. Sema mbele ya mtu mwingine, na waombe ndugu zako walipeleke neno hilo mahakamani kwa maandishi.

Pamoja na hilo unaweza kushtakiwa kwa kudharau mahakama. Kifungu cha 114 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kinamtaja waziwazi shahidi anayekataa kuapa au kuthibitisha, na adhabu yake ni kifungo kinachofika miezi sita, au faini. Kwa miaka yangu yote kazini faini iliyoandikwa pale haikuzidi shilingi 500, kiasi cha chupa ya maji, na watu wakidhani jambo lote ni dogo kwa sababu ya faini hiyo. Hakimu halazimiki kuchagua faini. Dharau ikitendeka mbele yake anaweza kulishughulikia siku hiyohiyo kabla mahakama haijafungwa, ila hata hapo una haki ya kuelezwa kosa lako na kupewa nafasi ya kujieleza kabla ya adhabu. Ukihukumiwa, unaweza kukata rufaa.

Na usidhani kukataa kwako kumemwokoa mshtakiwa. Sheria inaruhusu kesi iendelee kwa ushahidi mwingine uliopo. Kwa upande mwingine, usimwombe hakimu “akuache useme tu bila kuapa”. Mahakama ya Rufani imeamua mara nyingi kwamba maneno ya shahidi mtu mzima aliyetakiwa kuapa au kuthibitisha na hakufanya hivyo hayahesabiwi kuwa ushahidi. Utakuwa umejianika mbele ya adui zako bure, na aliyeumizwa hatapata kitu.

Wako wanaokataa kwa sababu jibu la kweli litawatia wao wenyewe hatiani: alikuwepo kwenye wizi, naye alibeba. Shahidi hawezi kukwepa swali kwa sababu hiyo. Lakini jibu alilolazimishwa kulitoa halitumiki kumshtaki, isipokuwa kwa kosa la kusema uongo. Kama uko katika hali hii, muone wakili kabla ya siku ya kesi. Maelezo haya peke yake hayakutoshi.

Kwa ndugu zetu wa Kenya: utaratibu wenu unafanana sana na huu. Kifungu cha 152 cha Sheria ya Mwenendo wa Jinai kina siku nane hizohizo, na Sheria ya Viapo, Sura ya 15, inatambua kuthibitisha badala ya kuapa.

Kwa jamaa wa aliyewekwa ndani

Nendeni masjala ya mahakama asubuhi inayofuata. Ulizeni namba ya kesi na tarehe ambayo shahidi ataletwa, na muombe kuona amri iliyompeleka gerezani inasema nini: ni amri ya siku nane, au ni hukumu ya kudharau mahakama? Hivi ni vitu viwili na njia zake za kutokea ni mbili. Kama ni siku nane, kinachohitajika ni kauli yake kwamba yuko tayari, au sababu ya kutosha ambayo haikusikilizwa. Kama ni hukumu, ombeni nakala mara moja kwa ajili ya rufaa, maana muda wa rufaa unahesabika. Asiye na fedha ya wakili aulize ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri au msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa wilayani. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua. Kama gereza linawaruhusu kumtembelea, mwulizeni bila watu kusikia amekataa kwa sababu gani hasa, kisha mwandikieni hakimu sababu hiyo kabla ya tarehe ya kumrudisha.